Niliharisha Kibosho Krismasi, goti likavimba Januari. Kuna aliyewahi kupitia hili?

MgumuWaPasua (mleta uzi), 9 Februari

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa kitandani hapa Pasua, Moshi, mguu wa kushoto umelala juu ya mito miwili, kwa hiyo uzi ukiwa mrefu mnivumilie. Muda ninao, kazi sina.

Kazi yangu ni mlima. Mimi ni mgumu, mwaka wa saba huu. Kwa wasiojua, wagumu ndio wapagazi, wale mnaowaona wanapita mbio na mzigo kichwani huku mgeni mwenye kijibegi cha maji anahema kama ameiba. Krismasi hii sikuwa na safari, nikapanda Kibosho kwa wazee kama kila Mchaga mwenye akili timamu. Tarehe 26 tukaangusha mbuzi. Wenzangu mnajua kisusio, ile supu ya mbuzi yenye damu, kinanywewa kikiwa bado kinafuka moshi. Mimi nilichelewa, nilikuwa barabarani nasaidia gari ya jirani iliyokwama. Nikakuta bakuli limebaki, limekaa tangu saa nne asubuhi, na saa hizo ilikuwa jioni. Nikanywa, nikashushia mbege.

Usiku wa 27 tumbo likanikata. Siku tatu nilikuwa mtu wa migombani, na siku ya pili nikaona damu na makamasi. Mtoto wa kaka naye akaharisha, shemeji naye. Nikashuka duka la dawa, nikapewa flajili na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji. Tarehe 30 nikawa mzima, mwaka mpya nikala kama kawaida, nikasahau kabisa. Hapo kwenye kusahau ndipo uzi huu ulipo.

Tarehe 8 Januari nikaingia mlimani, njia ya Machame, siku saba. Tulipofika kambi ya Shira macho yakawa mekundu na yanawasha, nikasema vumbi. Kambi ya Barranco mkojo ukawa unachoma, nikasema sinywi maji ya kutosha. Tarehe 13 tunashuka kutoka Barafu kwenda Mweka, goti la kushoto likaanza. Sasa mteremko wa Mweka hata mawe yanaumwa magoti, sikushtuka.

Asubuhi ya 15, niko nyumbani, navaa suruali, haipiti gotini. Nikacheka kwanza, nikadhani nimevaa ya mdogo wangu. Nikashusha mguu sakafuni, kisigino kikaniuma kama nimekanyaga msumari. Na kidole cha pili cha mguu huohuo kilikuwa kimevimba chote kuanzia shina hadi kucha, kimekuwa kama ndizi sukari.

Zahanati ya kwanza walipima malaria, hakuna. Wakapima mkojo, wakasema UTI, wakanipa sipro (antibayotiki) na sindano ya maumivu. Siku mbili nafuu, ya tatu palepale. Mama akaleta mchuaji. Yule mzee ana mikono kama koleo wakuu, alinichua mara mbili na mafuta yake yananuka karafuu, mara ya pili nikalia mbele ya watoto.

Wiki iliyopita ndiyo nikaenda hospitali kubwa. Nikampata daktari binti mdogo tu. Akabonyeza goti, akabonyeza kisigino nikaruka, akashika kile kidole akakitazama kwa muda, akaniangalia macho. Halafu akauliza: "Kaka, mwezi mmoja hivi kabla ya goti, uliharisha?"

Nikamwambia dokta, mimi nimekuja na goti.

Wakachoma sindano pembeni ya goti wakavuta maji, bomba mbili, ya njano yenye ukungu kama mbege changa. Majibu: chembe nyeupe za damu nyingi, bakteria hakuna kwenye darubini, wakaotesha maabara siku kadhaa hakikuota kitu, chembe za gauti (jongo) hakuna. Asidi ya yuriki kawaida. VVU hasi. Akaandika kwenye faili maneno mawili: riaktivu athraitisi. Akanipa indomethasini, dawa ya maumivu na uvimbe, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, akasema nipumzishe mguu, na kwamba wengi hupona ndani ya miezi mitatu hadi sita.

Miezi sita! Msimu mkubwa unaanza Juni. Kuna mtu humu amewahi kuumwa hiki kitu? Kwa nini tumbo liharishe Desemba halafu goti lilipe Januari?

Chalii_wa_Sakina

Siti ya mbele. Arifu pole sana, ila hiyo ya suruali ya mdogo wako nimecheka hadi kondakta kaniangalia.

BibiWaTengeru

Pole mwanangu. Kwa sisi wa huku chini ya Meru hilo ni jambo la maji. Maji ya Chai, Ngurdoto, Usa River, watu wana meno ya kahawia na mifupa imekakamaa, ni floraidi. Dada yangu hawezi kuinama kuokota hata sindano. Umewahi kuishi huku?

MgumuWaPasua

Shikamoo bibi. Sijawahi, nimekulia Kibosho na Pasua. Meno yangu yapo sawa, nimetoka kuyaangalia kwenye kioo baada ya kusoma hapa.

MangiMkavu

Mangi hiyo ni gauti. Nyama ya mbuzi, mbege, sherehe wiki nzima, unategemea nini? Acha nyama nyekundu, kunywa maji ya ndimu, utanishukuru. Hao madaktari wa siku hizi wanapenda majina marefu.

Kifodi_Ngarenaro

Mkuu umelala Barafu kwenye baridi ya chini ya sifuri halafu unauliza. Si ndiyo maana wazee waliita baridi yabisi?

MamaWawili

Msininukuu vibaya ila goti la mguu mmoja linalovimba ghafla, kwetu tunasema umekanyaga kitu. Hasa kazi zenu za mlimani zina wivu. Dawa za hospitali meza, na sala pia ifanyike.

MgumuWaPasua

Sala zinaendelea mama, mama yangu ameshaita jumuiya yote. Nilichokanyaga ni mteremko wa Mweka tu.

TabibuWaZahanati

Nimesoma tangu juu. Mimi ni tabibu, nipo zahanati ya kata moja huku Moshi vijijini, kwa hiyo sitamtibu mtu kwa simu, ila naweza kueleza alichoambiwa mleta uzi. Huyo daktari binti mpeni heshima yake. Wagonjwa wa namna hii huja na goti, anatibiwa goti, na swali la tumbo haliulizwi.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Bakteria wanaingia sehemu moja ya mwili, tumboni au kwenye njia ya mkojo na uzazi. Mwili unapigana nao, mara nyingi unashinda. Halafu wiki moja hadi nne baadaye viungo vinavimba, na ukivuta maji ya kiungo hukuti bakteria hai. Kinachochoma pale ni kinga yako mwenyewe. Wa tumboni wanaojulikana sana kwa kazi hii ni wanne: salmonela, shigela, kampilobakta na yersinia. Wa njia ya mkojo na uzazi ni klamidia.

Sasa hesabu ya mleta uzi: aliharisha tarehe 27, goti limeanza 13. Siku 17. Kuharisha damu na makamasi ni picha ya shigela au wenzake. Kama wangempima choo mwezi Februari wasingekuta kitu, kwa sababu wadudu walishaondoka, ndiyo maana daktari anategemea masimulizi ya mgonjwa kuliko maabara. Na kidole kilichovimba chote kama ndizi sukari, hicho mimi kingenishtua kuliko goti. Magonjwa yanayovimbisha kidole kizima namna ile si mengi. Kisigino nacho: ugonjwa huu unapenda pale kano inaposhikana na mfupa, nyuma ya kisigino na chini ya unyayo. Macho mekundu na mkojo kuchoma ni vya ugonjwa huohuo. Ile "UTI" ya zahanati huenda haikuwa UTI. (Najua tunavyopenda neno UTI, na mimi nimo.)

Niwajibu wengine. Bibi wa Tengeru yuko sahihi kuhusu maji ya Arusha, floraidi huko inapita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na mifupa inaumia kweli. Lakini floraidi hufanya kazi kwa miaka, mgongo na viungo hukakamaa polepole, haimvamii kijana goti moja ndani ya siku mbili. Mangi, gauti ingeonekana kwenye maji ya goti, chembe zake ni kama sindano ndogo chini ya darubini, na wamezitafuta hawakuziona. Yuriki ya damu kuwa kawaida peke yake isingetosha kuiondoa, lakini pamoja na hilo inatosha. Baridi hufanya kiungo kibovu kiume zaidi, haitengenezi maji ya bomba mbili.

MangiMkavu

Sawa dokta. Ila maji ya ndimu hayana madhara.

TabibuWaZahanati

Hayana. Wala faida kwa hili.

Kifodi_Ngarenaro

Swali la mtu asiyesoma sana: kama goti halina wadudu, kinga inapigana na nini pale?

TabibuWaZahanati

Swali zuri na hata mabingwa bado wanalitolea jasho. Kinachojulikana ni kwamba ndani ya viungo vya wagonjwa hawa yamekutwa mabaki ya bakteria, vipande vya maganda yao, yamebebwa na chembe nyeupe za damu kutoka tumboni. Kwa klamidia imeonekana hata vinasaba vyake, kama vile amejificha amelala, haoti maabara lakini hajafa kabisa. Kinga inakuta mizigo hiyo gotini na inafanya kazi yake, kwa fujo.

Pia kuna suala la kurithi. Kuna alama kwenye chembe za mwili inaitwa HLA-B27. Wazungu wa Ulaya kaskazini wanayo kama watu 8 kati ya 100, na mwenye nayo akiharisha ana hatari kubwa zaidi ya kuvimba viungo na kuvimba kwa muda mrefu. Sisi Waafrika weusi ni adimu sana kuwa nayo, kwa hiyo usitumie hela yako kuitafuta. Kwetu historia ni nyingine: mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, wenzetu wa Zambia na Zimbabwe waliona ugonjwa huu ukiongezeka pamoja na VVU, kwa watu wasio na HLA-B27 kabisa. Ndiyo maana mleta uzi alipimwa VVU. Si kwamba daktari alimshuku tabia.

Mwenye_Siri_22

Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu, mtanisamehe.

Mimi naendesha kifodi, yaani daladala, Arusha. Mwaka juzi goti la kulia, la mafuta na breki, likavimba, na kifundo cha mguu. Sikuharisha hata siku moja. Nilizunguka miezi miwili: diklofenaki, sindano za deksa (steroidi) pale duka la dawa, mafuta ya nyoka, kila kitu. Deksa ni tamu wakuu, nikichomwa jioni asubuhi naendesha. Ikiisha nalia upya.

Daktari mmoja mtu mzima akafunga mlango akaniuliza habari za chini. Nikakataa. Akaniambia, "Sikuulizi kama mchungaji, nauliza kwa sababu ya goti." Basi nikasema. Kulikuwa na uchafu kidogo asubuhi, kama wiki tatu kabla ya goti, haukuuma, ukaisha wenyewe, nikaona yameisha. Ikawa klamidia. Nikapewa doksi (antibayotiki) siku saba, nikaambiwa nimlete mwenzangu.

Hapo ndipo goti likawa jambo dogo. Kumweleza mke kwamba goti langu limetoka kwenye ugonjwa wa zinaa, mliooa mnaelewa. Alikaa kimya siku nzima, jioni akapika akaniwekea chakula, halafu akalala chumba cha watoto. Akaja hospitali ile wiki iliyofuata. Naye alikuwa nayo, hajawahi kuhisi chochote. Goti lilichukua miezi mitano. Nyumbani kulichukua zaidi.

Chalii_wa_Sakina

Duh. Kwa hiyo mleta uzi kisusio ni kweli au ni cha kumwambia shemeji? 😂

MgumuWaPasua

Chalii acha uchokozi, mtoto wa kaka wa miaka sita naye aliharisha, na yeye alienda wapi?

MamaWawili

Mimi nataka kumtetea mke wa huyo wa kifodi. Mwanamke anaweza kukaa na klamidia hata mwaka bila dalili. Sasa mwanamume akivimba goti asije akasema "umeniletea", kwa sababu hakuna anayejua nani alimpa nani. Na ikikaa bila dawa inaziba mirija ya uzazi. Nimeiona kwa mdogo wangu.

TabibuWaZahanati

Mama umemaliza. Nyongeza ndogo: klamidia inatibiwa kwa wote wawili kwa wakati mmoja, la sivyo mnarudishiana. Dawa hiyo inaua klamidia, goti lenyewe linaweza kuchukua muda wake. Kwa waliopatia tumboni kama mleta uzi, kumeza antibayotiki wakati goti tayari limevimba hakufupishi ugonjwa. Kwa hiyo tafadhali msikimbilie duka la dawa kununua azithromaisini eti ya goti.

Na deksa za dukani hapana. Sindano ya steroidi ipo kwenye tiba, lakini anaichoma daktari ndani ya kiungo baada ya kuhakikisha hakuna usaha.

Mama_Kiboriloni

Dokta naomba nisaidie na mimi. Mwanangu ana miaka 9. Koo lilimuuma sana, wiki mbili baadaye goti likavimba, siku ya tatu goti zima likapona likahamia kifundo, sasa ni kiwiko. Ndiyo hii?

TabibuWaZahanati

Mama huyo mtoto aende hospitali kesho asubuhi, usisubiri Jumatatu. Viungo vinavyohama kwa mtoto baada ya koo ni dalili ya homa ya rumatiki. Nayo inaanzishwa na bakteria, streptokoka wa kooni, lakini tofauti yake ni moyo. Viungo vitapona hata usipofanya kitu, ila milango ya moyo inaweza kuharibika. Wamsikilize moyo, na wakithibitisha atahitaji sindano za penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka. Usikubali arudishwe na panado.

Mama_Kiboriloni

Asante. Naenda.

Laigwanan_Jr

Huku kwetu upande wa Monduli tunakunywa maziwa kama yalivyotoka. Babu yangu ana maumivu ya kiuno na goti, homa inakuja jioni inaondoka, jasho usiku ameloa. Wamempa dawa ya malaria mara tatu.

TabibuWaZahanati

Ndugu, apimwe brusela. Ni bakteria wa ng'ombe na mbuzi, anakaa kwenye maziwa mabichi, na anaweza kuingia kwenye kiungo chenyewe, hasa kiuno na nyonga. Dawa yake ni antibayotiki mbili pamoja kwa wiki sita au zaidi. Kuhusu malaria: kuna utafiti ulifanyika hapahapa Moshi mwaka 2007 hadi 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Huwa nawakumbusha vijana wangu namba hiyo kila wiki, na bado kila wiki nawakuta wameandika malaria.

KakaWaRau

Mimi niseme la kwangu maana naona watu wanaanza kuzoea, kila goti litakuwa kisusio.

Mdogo wangu, 2019, goti moja, limewaka moto, halikunjiki hata nyuzi tano, homa anatetemeka. Tukamchua siku nne. Mimi mwenyewe nilimshika miguu ili achuliwe. Siku ya tano hajitambui vizuri. Walipochoma sindano kilitoka kitu kizito cha kijani kama supu ya mbaazi. Usaha. Alipasuliwa usiku uleule, wakaosha goti, akalazwa wiki tatu za dripu. Amepona lakini goti halikunji tena, akikaa kwenye daladala mguu unaziba njia na makonda wanamtukana.

Kwa hiyo hiyo sindano ya kuvuta maji ambayo mleta uzi alichomwa, ndiyo iliyomtofautisha na mdogo wangu. Mkiona moto na homa msichue.

TabibuWaZahanati

Nakubali kila neno. Kwa nje yanafanana. Kiungo chenye bakteria wenyewe ndani kinaweza kuharibika kabisa kwa siku chache.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Niongeze historia kwa wanaopenda. Ugonjwa huu ulikuwa ukiitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Hans Reiter, aliyeandika mwaka 1916 habari za ofisa wa jeshi aliyeharisha damu, kisha mkojo ukachoma, macho yakawa mekundu, viungo vikavimba. Mlolongo uleule wa mgumu wetu, tofauti yule alikuwa vitani. Mwaka huohuo Wafaransa wawili, Fiessinger na Leroy, nao waliandika vivyo hivyo. Reiter baadaye akawa mkubwa wa ofisi ya afya chini ya Wanazi, akahusishwa na majaribio ya chanjo yaliyoua wafungwa wa kambi, na madaktari wakaona aibu kuendelea kulitaja jina lake. Hili jina la sasa, riaktivu athraitisi, lilitolewa na Wafini mwaka 1969.

Ila kisa ninachokipenda ni cha meli. Mwaka 1962, manowari moja ya Marekani, mabaharia walikula pikiniki, shigela akaingia. Kati ya watu 1,276 waliharisha 602. Baada ya hapo waliovimba viungo kwa picha kamili ya ugonjwa walikuwa 9. Chungu kimoja, na 593 wakaenda zao.

Chalii_wa_Sakina

Kwa hiyo mgumu ni wa tisa kati ya mia sita. Angecheza kamari siku ile.

MgumuWaPasua

Hiyo imenijibu kitu kilichokuwa kinaniuma. Shemeji alikunywa bakuli lilelile, akaharisha kunizidi, na wiki ya kwanza ya Januari alikuwa anapanda na kichwa cha majani ya ng'ombe. Nilikuwa namwonea wivu bila sababu.

Dokta swali. Jirani yangu mfamasia ameniambia sipro inaharibu kano za kisigino. Mimi nilimeza siku saba. Je, kisigino si sipro?

TabibuWaZahanati

Jirani yako anajua kazi yake. Dawa za ukoo wa sipro zina onyo hilo kweli, kano ya kisigino inaweza kuvimba na hata kukatika, hasa kwa waliovuka miaka 60 na wanaomeza steroidi kama predinisoloni. Lakini wewe kisigino kiliuma asubuhi ya 15 na sipro uliipata baada ya hapo. Mwambie daktari wako hata hivyo, iandikwe kwenye faili, na usiruke wala kubeba mzigo mpaka kitulie.

Mengine ya kwako: usichanganye indomethasini na diklofenaki, ni ukoo mmoja, utachimba kidonda cha tumbo. Na mbege iache kwa sasa. Jicho likianza kuuma kwa ndani, mwanga ukakuchoma au ukaona ukungu, hiyo ni safari ya daktari wa macho siku hiyohiyo. Na ikipita miezi kadhaa bado unavimba, kuna dawa za hatua ya pili, salfasalazini ndiyo ya kawaida, zinahitaji kupima damu mara kwa mara.

BibiWaTengeru

Mwanangu, ukikaa tu mguu utakonda. Dada yangu alikonda hivyo.

MgumuWaPasua, 2 Aprili

Wakuu nimerudi, na bibi alikuwa na haki. Goti limepungua sana, ndizi sukari imekuwa kidole tena, ila paja la kushoto limekonda. Nilipima kwa kamba ya kiatu, limepungua upana wa vidole viwili. Mtaalamu wa mazoezi tiba amenipa zoezi la kijinga kabisa: nalala chali, nanyoosha mguu, nauinua kama shubiri mbili juu ya godoro, nahesabu hadi kumi, nashusha. Mara thelathini asubuhi na jioni. Mtu aliyebeba kilo 20 hadi Barafu kwa miaka saba anatoka jasho kwa kuinua mguu wake mwenyewe.

Mama_Kiboriloni

Mleta uzi hongera. Na mimi nirudishe majibu: ilikuwa rumatiki kweli. Wamesikia kitu kidogo kwenye moyo. Sindano ya pili amechomwa Jumanne, analia ila anakwenda mwenyewe, nikimwahidi andazi.

Mwenye_Siri_22

Mungu amkuze mama. Mleta uzi usikate zoezi, mimi nililikata na kifundo kikarudi.

MgumuWaPasua, 21 Juni

Nipo Mweka getini nasubiri gari. Nimepanda safari moja, njia ya Marangu, mzigo mwepesi, kiongozi wetu alinielewa. Goti halikuvimba. Kisigino asubuhi ya kwanza kabisa kinanikumbusha kwamba kipo, hatua kama tano hivi, kisha kinanyamaza. Daktari amesema nirudi Agosti, na kikinyamaza kabisa hataniandikia kitu.

KakaWaRau

Marangu halafu uko Mweka getini? Mgumu unatudanganya, waliopanda Marangu wanashukia Marangu.

MgumuWaPasua

Hahaha kaka, nimeshuka Marangu jana. Leo nimekuja Mweka kumpokea mdogo wangu, yule mwenye suruali. Amechukua nafasi yangu Machame.

MangiMkavu

Karibu tena mlimani mangi. Desemba vipi, kisusio basi tena?

MgumuWaPasua

Nakunywa. Ila cha saa nne asubuhi, na jirani gari yake ikikwama atanisubiri.